Kissa Kursi Ka: filamu iliyoteketezwa, na sisi tunaoendelea kuitafuta

Wakusanyaji wa kumbukumbu za sinema wamezoea kutafuta vitu adimu, lakini wanaoifuatilia Kissa Kursi Ka wanatafuta kitu ambacho, kwa ushahidi wote uliopo, hakipo tena. Filamu hii ya Kihindi, ambayo jina lake lina maana ya kisa cha kiti cha utawala, ilitengenezwa mara mbili. Ya kwanza ilikamilika mwaka 1975, ikakosa kibali, na mikanda yake yote ikapotelea mikononi mwa serikali kabla mwananchi yeyote hajakata tiketi ya kuitazama. Ya pili ilitengenezwa upya na mwongozaji yuleyule ikatoka mwaka 1978, nayo ndiyo pekee tunayoweza kuitazama leo. Mimi hukusanya karatasi za filamu za India, yaani mabango, vijitabu vya nyimbo na picha zilizokuwa zikibandikwa kwenye kumbi za sinema, na sijaona filamu nyingine ambayo thamani yake miongoni mwetu imeachana na ubora wake kwa kiasi hiki. Ili kulielewa jambo hilo ni lazima kuanza na kesi yenyewe, kwa sababu asiyeijua atashangaa tu kuona watu wazima wakigombea bango la filamu ambayo hata sokoni haikufanya vizuri.

Mwongozaji wake, Amrit Nahata, hakuwa mpinzani anayerusha mawe akiwa nje ya ua. Alikuwa mbunge wa chama tawala cha Congress, aliyechaguliwa katika jimbo la Barmer, Rajasthan, mwaka 1967 na tena mwaka 1971. Kejeli yake ilikuwa ya mtu wa ndani, na huenda ndiyo sababu iliwachoma wakubwa kuliko matusi ya maadui. Filamu inamhusu mwanasiasa anayepanda ngazi kwa hila hadi kileleni, na alama ya uchaguzi ya chama chake ni gari dogo la wananchi. Kwa Mhindi wa miaka hiyo alama hiyo haikuhitaji mkalimani. Sanjay Gandhi, mtoto wa pili wa Waziri Mkuu Indira Gandhi, alikuwa amepewa idhini ya kutengeneza gari dogo la bei nafuu, kampuni yake ya Maruti ilikuwa imeanzishwa mwaka 1971, na miaka ilikuwa ikipita bila gari hilo kujaa barabarani kama ilivyoahidiwa. Watu waliwatambua pia katika wahusika wa filamu hiyo Dhirendra Brahmachari, mwalimu wa yoga aliyekuwa karibu sana na familia ya Waziri Mkuu, na R. K. Dhawan, katibu wa Waziri Mkuu huyo.

Filamu ilipelekwa kwenye bodi ya ukaguzi mwezi Aprili 1975. Bodi haikutaka kuubeba mzigo huo peke yake, ikaipeleka kwa kamati ya marejeo ya watu saba, na kamati nayo ikausukuma uamuzi serikalini. Wizara ya Habari na Utangazaji ikamwandikia mtayarishaji barua ya kumtaka ajieleze, yenye vipingamizi 51. Mwezi Julai Nahata alijibu kwamba wahusika wake ni wa kubuni na hawamlengi mtu wala chama chochote, jibu ambalo nadhani hata karani aliyelipokea alilisoma akiwa anatabasamu. Kufikia wakati huo Hali ya Hatari ilikuwa imekwisha kutangazwa, tarehe 25 Juni 1975, magazeti yakawekwa chini ya ukaguzi na viongozi wa upinzani wakawa rumande. Filamu ambayo miezi miwili kabla yake ingezua mjadala bungeni sasa ilikuwa imeangukia katika zama ambazo hakuna mjadala.

Hata hivyo Nahata alikwenda Mahakama ya Juu, na mahakama ikaamuru filamu ionyeshwe ili majaji waitazame wenyewe tarehe 17 Novemba 1975. Maonyesho hayo hayakufanyika. Kwa mujibu wa mashtaka yaliyofunguliwa baadaye, negativu, yaani mkanda mama wa kuchapia nakala, na vifaa vingine vya filamu vilisafirishwa kutoka Bombay (Mumbai ya leo) hadi Delhi ndani ya masanduku 13 siku chache kabla ya tarehe hiyo, masanduku yakapelekwa kwenye eneo la kiwanda cha Maruti huko Gurgaon, na humo mikanda ikachomwa moto. Naomba msomaji asipite haraka hapa. Filamu iliyodhihaki mradi wa gari dogo ilidaiwa kuteketezwa katika uwanja wa kiwanda kilekile kilichoshindwa kulitoa gari hilo. Mwandishi wa kejeli angeandika mwisho wa namna hiyo, mhariri wake angeukata kwa madai kwamba umezidi chumvi.

Jambo moja la kiufundi linafaa kusemwa, kwa kuwa wakusanyaji hulijali. Mikanda ya sinema ya miaka ya 1970 ilikuwa ya asetati, aina ya plastiki, siyo ile ya nitrati ya zamani iliyokuwa ikilipuka kwa cheche moja na kuteketeza maghala mazima. Asetati haishiki moto upesi na wala haiungui kwa bahati mbaya kirahisi. Filamu nyingi za India zimepotea kwa uzembe: unyevu, joto, mikanda kuyeyushwa ili kukamua madini ya fedha yaliyomo, wenye mali kushindwa kulipia ghala. Alam Ara ya mwaka 1931, filamu ya kwanza ya India yenye sauti, haina nakala hata moja inayojulikana, na hakuna aliyekusudia ipotee. Kissa Kursi Ka ya kwanza imo katika kundi dogo sana la filamu ambazo kupotea kwake kulihitaji mtu akae chini, apange usafiri, atafute mahali na kuwasha kiberiti.

Baada ya uchaguzi wa Machi 1977, ambapo Indira Gandhi na mwanawe wote wawili waliangushwa majimboni kwao, serikali mpya iliunda tume chini ya J. C. Shah, Jaji Mkuu mstaafu, kuchunguza maovu ya Hali ya Hatari, na suala la filamu likawa miongoni mwa yaliyochunguzwa. Kesi ya jinai ilifunguliwa dhidi ya Sanjay Gandhi na V. C. Shukla, aliyekuwa Waziri wa Habari. Mwezi Mei 1978 Mahakama ya Juu ilimfutia Sanjay dhamana kwa muda, ikikubali hoja kwamba alikuwa akiwaingilia mashahidi. Tarehe 27 Februari 1979 Jaji O. N. Vohra, katika mahakama ya Tis Hazari mjini Delhi, aliwatia hatiani wote wawili na kuwahukumu kifungo cha miaka miwili na mwezi mmoja. Mwezi Januari 1980 Indira Gandhi alirudi madarakani kwa kura nyingi. Aprili mwaka huohuo Mahakama ya Juu iliwaachia huru washtakiwa, na miezi miwili baadaye, tarehe 23 Juni 1980, Sanjay akafa katika ajali ya ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe angani mwa Delhi. Kwa hiyo kisheria moto ule hauna mwenyewe. Mikanda haipo, masanduku yalitajwa mahakamani, na hakuna mtu hata mmoja ambaye hukumu ya mwisho imesema kwamba ndiye aliyeichoma.

Hapo ndipo mvuto wake kwa wakusanyaji unapoanzia. Bango la kawaida la sinema ni tangazo la kitu kinachoweza kutazamwa, na thamani yake hupanda au kushuka kufuatana na umaarufu wa nyota, mkono wa mchoraji na hali ya karatasi. Karatasi yoyote iliyohusu Kissa Kursi Ka ya mwaka 1975 ni kitu cha aina nyingine kabisa. Ni kielelezo cha kesi. Picha iliyopigwa kwenye seti, ukurasa wa jarida la sinema uliotangaza kwamba filamu inatengenezwa, barua ya ofisi ya mtayarishaji, hata risiti ya maabara ya kusafishia filamu, kila kimoja kinathibitisha kwamba kitu fulani kiliwahi kuwapo, na thamani ya uthibitisho huo inategemea ukweli kwamba kitu chenyewe kimeondolewa. Nimewasikia wenzangu wakisema kwamba wanaikusanya filamu hii kwa sababu ya siasa zake. Sidhani. Wapo watu wenye siasa tofauti kabisa, wakiwamo wanaomwenzi Indira Gandhi hadi leo, ambao wangetoa nusu ya makabati yao kwa picha moja ya mwaka 1975.

Sasa filamu ya pili. Nahata alikihama chama chake, akarudi bungeni mwaka 1977 kwa tiketi ya chama cha Janata kutoka jimbo la Pali, na akaitengeneza upya filamu yake chini ya serikali iliyomkubali. Waigizaji aliowapata si wa kubeza. Manohar Singh, aliyekuwa amejenga jina kwenye jukwaa la tamthilia mjini Delhi, ndiye mwanasiasa Gangaram. Surekha Sikri, ambaye baadaye alipata Tuzo za Taifa za Filamu mara tatu, alianzia hapa kazi yake ya sinema. Yumo Raj Babbar akiwa bado mgeni, na yumo Utpal Dutt, gwiji wa tamthilia wa Bengali ambaye mwenyewe aliwahi kuwekwa kizuizini mwaka 1965 wakati jimbo lake likitawaliwa na Congress, kwa hiyo hakuhitaji kusimuliwa dola ikikasirika inakuwaje. Shabana Azmi anaigiza mwanamke bubu anayeitwa Janata, yaani umma, ambaye muda wote hutazama yanayotendwa kwa jina lake bila kuweza kutamka neno.

Yule bubu ndiye kitu bora zaidi katika filamu nzima, na pia ndiye anayeonyesha udhaifu wake. Azmi ananyimwa silaha ya kwanza ya mwigizaji, anabakiwa na macho na mabega, na kuna nyakati ambapo kumtazama akitazama kunatosha. Lakini mhusika anayeitwa Umma, aliye bubu, aliye maskini, anayedanganywa na kila mtu, ni fumbo ambalo mtazamaji hulifumbua katika dakika ya kwanza na kisha hana la kufanya nalo. Filamu nzima ina tabia hiyo. Inaelekeza kidole, inangoja ucheke, halafu inaelekeza tena kidole palepale. Uongozaji wake ni wa jukwaani kuliko wa sinema. Zaidi ya hayo, ilitoka wakati ambapo wanaodhihakiwa walikuwa wamekwisha kuanguka na magazeti yote yakiwadhihaki bure, hivyo haishangazi kwamba wanunuzi wa tiketi hawakupanga foleni. Ukiniuliza kama ninaipendekeza kwa mtu anayetaka burudani ya jioni, nitasita. Ukiniuliza kama nina nakala yake, nitakuonyesha kabati.

Kwa kuwa ya pili ndiyo iliyofika kwenye kumbi, karibu kila kinachouzwa kwa jina hili ni cha mwaka 1978, ingawa wauzaji wengi hupenda kuandika 1975 kwenye maelezo yao. Kuna kipimo kimoja ambacho hakidanganyi. Sheria ya Sinema ya India ya mwaka 1952 inataka kila filamu inayoonyeshwa hadharani iwe na cheti cha bodi ya ukaguzi, na cheti hicho huonekana kwenye skrini kabla ya picha ya kwanza, kikiwa na jina la filamu, urefu wake na daraja lake. Filamu ya mwaka 1975 haikupata cheti kamwe. Mkanda wowote unaoanza na cheti ni wa filamu ya pili, hata kama sanduku lake limeandikwa kwa kalamu ya zamani kiasi gani. Kwa upande wa karatasi, kumbuka kwamba daraja la UA, la filamu ambazo watoto huzitazama kwa uangalizi wa wazazi, lilianza kutumika mwaka 1983, na kabla ya hapo kulikuwa na U, la watu wote, na A, la watu wazima, tu kwa filamu za kawaida. Bango lenye alama ya UA lililodaiwa kuwa la toleo la kwanza limechapwa miaka mingi baadaye, na muuzaji wake ama hajui anachouza au anajua vizuri mno.

Baada ya hapo inabidi kuinama juu ya karatasi yenyewe. Mabango ya India ya miaka hiyo mara nyingi yalikuwa ya inchi 30 kwa 40, nayo yalisambazwa yakiwa yamekunjwa, kwa hiyo bango halisi lisilo na mkunjo hata mmoja linastahili maswali mengi kuliko sifa. Liweke kwenye mwanga wa mchana, lishike kioo cha kukuzia juu ya sehemu ya uso wa mwigizaji, na utaona vitone vya wino vimepangwa kwa safu, rangi juu ya rangi, na pengine safu moja imeteleza kidogo hadi ukingo wa shavu ukawa na kivuli chekundu. Mashine ya kisasa ya kuchapia hunyunyiza vitone ovyo, bila safu, na haitelezi. Kwenye mikunjo wino wa zamani hupasuka na kuacha mstari mweupe wa nyuzi za karatasi, ilhali kwenye nakala iliyopigwa picha kutoka bango jingine mstari huo umechapwa pamoja na picha na ukipitisha ukucha hausikii kitu. Vijitabu vya nyimbo ni rahisi zaidi, maana kutu ya pini hupenya kurasa mbili au tatu na doa lake hupungua ukubwa kutoka ukurasa hadi ukurasa, jambo ambalo sijaona mghushi yeyote akijisumbua kuliiga.

Ushindani, nakiri, ni mkali kuliko unavyostahili filamu yenyewe, na sababu yake ni kwamba makundi yasiyofahamiana hukutana kwenye kitu kimoja. Wapo wanaokusanya kila kilichohusu Hali ya Hatari, watu ambao fahari yao ni gazeti la Indian Express la tarehe 28 Juni 1975, lililoacha nafasi ya tahariri ikiwa tupu kama njia ya kupinga ukaguzi. Wapo wanaofuatilia filamu zilizopigwa marufuku, popote zilipotoka. Na wapo wapenzi wa muziki, kwani mtunzi wa muziki wa filamu hii ni Jaidev, mzaliwa wa Nairobi, aliyeshinda Tuzo ya Taifa ya muziki wa filamu mara tatu huku akiwa hajulikani sana kwa umma, na wafuasi wake hununua chochote chenye jina lake bila kujali siasa iliyomo. Muuzaji mjanja wa Chor Bazaar kule Mumbai anajua kwamba akiwa na kijitabu kimoja ana wateja wa aina tatu, na bei yake huanzia hapo.

Ili kuona jinsi moto ulivyoifanyia kazi filamu hii, ilinganishe na Aandhi, filamu ya mwongozaji Gulzar. Hiyo nayo ilitoka mwaka 1975, nayo iliondolewa kwenye kumbi wakati wa Hali ya Hatari kwa sababu mhusika wake mkuu alifananishwa na Indira Gandhi, na ikaruhusiwa tena baada ya serikali kubadilika mwaka 1977. Kwa ubora Aandhi iko mbali sana mbele, nyimbo zake zinaimbwa hadi leo, na nakala zake nzuri zinapatikana kwa urahisi. Kwa sababu hiyohiyo wakusanyaji wa filamu zilizozuiwa huipita bila kugeuza shingo. Marufuku iliyokwisha huacha filamu, ilhali marufuku iliyofika mwisho wake kama ile ya Nahata huacha pengo, na sisi tuna udhaifu wa kupenda mapengo.

Mara kwa mara huzuka uvumi kwamba nakala moja ya mwaka 1975 ilinusurika: fundi wa maabara aliificha, ofisa wa bodi aliondoka na mkanda mmoja, kuna sanduku kwa jamaa wa mtu fulani. Siamini, na sababu yangu si kukata tamaa. Filamu ambayo haijapata kibali haichapwi nakala nyingi, kwa kuwa nakala ni gharama na hakuna ukumbi wa kuipelekea, na serikali iliyokuwa na uwezo wa kuvifuata vifaa vyake Bombay ilikuwa na muda wa kutosha wa kuhesabu. Na hata kama mkanda mmoja ulifichwa, miongo mitano ya joto na unyevu ingekwisha kuifanya asetati ianze kuoza na kutoa ile harufu ya siki ambayo kila mtunza ghala la filamu anaiogopa. Hadhira ya filamu ya kwanza, kwa hiyo, ilibaki kuwa wakaguzi na maofisa waliokusudia kuizuia.

Ajabu ni kwamba hata karatasi za kuieleza nazo zimepitia misukosuko. Ripoti za Tume ya Shah, ambazo ni miongoni mwa mahali pa kwanza pa kusoma yaliyotendwa katika miezi ile, zenyewe ziliadimika baada ya mwaka 1980, na kwa muda mrefu imesemwa kwamba serikali iliyorudi madarakani ilikusanya nakala zilizokuwa zimesambazwa. Mbunge wa zamani Era Sezhiyan, aliyekuwa ameitunza nakala yake, aliichapisha upya mwaka 2010. Chapisho hilo jipya ndilo ninalolitumia, na chapisho la kwanza ni miongoni mwa vitu ambavyo hupigania kwenye minada kwa ukimya, nikiombea muuzaji awe ameliorodhesha chini ya sheria badala ya sinema.

Lakini kama ningeambiwa nichague hati moja tu, nisingechagua ripoti wala bango. Ningechagua ile barua ya wizara ya mwaka 1975 yenye vipingamizi 51. Ofisa anayepinga filamu hulazimika kutaja onyesho analolipinga, maneno yaliyotamkwa na mahali yalipotokea, na hufanya hivyo kwa umakini ambao wahakiki wa sinema hawana, maana anajua jibu lake litasomwa na wakubwa. Mtu anayeketi na orodha kamili ya namna hiyo huku filamu ya mwaka 1978 ikizunguka mbele yake angeweza kusema, onyesho kwa onyesho, ni lipi Nahata alilirudisha kama lilivyokuwa, ni lipi alilikoleza kwa sababu hakuwa tena na wa kumwogopa, na ni lipi aliliacha. Ninayo faili tupu kabatini iliyoandikwa namba hiyo kwenye mgongo, na kila muuzaji wa hati za zamani ninayeandikiana naye ameshaambiwa nini kinatakiwa kuingia humo.